Fundi wa Mabawa Yasiyovunjika

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi mjini Bungoma, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipolia. Aliyepiga ni mama mmoja wa Kitale, mshonaji wa mahema ya harusi na matanga, ambaye wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamfahamu ingawa sijawahi kumtaja jina, kama nisivyomtaja mtu yeyote hapa. Hakunisalimu. "Mwandishi," alisema, "mzee wetu ametuacha. Amelala saa nne asubuhi, huko hospitali ya Lugulu alikolazwa. Nimeona nikuambie kabla redio haijakuambia vibaya." Nilimshukuru, nikamwomba kinyozi asimame kidogo. Akazima mashine yake, akaniuliza kwa upole, "Ni wa familia?" Nikasema hapana. "Basi ni rafiki?" Hapo nikakwama, kwa sababu mzee huyo nilimjua kwa miaka minane, na mara ya kwanza nilipomwandika nilimfanya kichekesho cha kaunti mbili.

Redio nayo ilisema vibaya kweli. Tangazo la vifo la saa saba lilimtaja kuwa fundi mstaafu wa ndege, mjane, baba wa watoto watano, mzaliwa wa Bumula na mkazi wa Kitale, muumini mwaminifu na mwanakwaya wa sauti ya chini. Yote hayo ni ya kweli, isipokuwa hilo la kwaya, ambalo waliowahi kukaa benchi moja naye kanisani watalijadili kwa faragha. Lakini tangazo halikusema hata neno moja kuhusu mtambo wake wa upepo, jambo lililomchukulia miaka yake yote ya mwisho na kumfanya, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aende kukaa darasani na watoto wa rika la wajukuu zake. Ndiyo maana leo nimeiweka kando mada niliyokuwa nimewaandalia. Mbolea na wanasiasa watatungoja, hawana pa kwenda.

Marehemu alikuwa mrefu, mwembamba, na kila siku alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka, yenye kalamu nne mfukoni, tatu kati yake zikiwa hazina wino. Kwa takriban miaka arobaini alitengeneza vile vindege vidogo vilivyonyunyizia dawa mashamba ya ngano ya Trans-Nzoia, na katika miaka hiyo yote hakupanda hata kimoja. Niliwahi kumuuliza sababu. "Lafiki yangu," akanijibu kwa ile lafudhi yetu ya Bungoma ambayo hakuna shule iliyoweza kuiponya, "mimi najua ndani yake kuna nini." Mashine alizungumza nazo kwa Kibukusu. Alidai kwamba ukiziambia kwa Kiswahili zinadhani unatania, na ukiziambia kwa Kiingereza zinadai vipuri kutoka ng'ambo.

Alipostaafu alijenga kwenye shamba lake nje ya Kitale, juu ya kilima kinachotazamana na Mlima Elgon. Maji yalikuwa kisimani, chini sana, na upepo ulikuwa juu, mwingi na wa bure. Kwa fundi wa ndege, hesabu hiyo haikuhitaji kamati. Alisimamisha mlingoti wa chuma, akachonga mabawa matatu ya saipresi, kila moja urefu wa watu wawili, akayafunga juu yake, nao mtambo ukaanza kuvuta maji na kuchaji betri za nyumba. Majirani walikuja kuutazama, wakasifu, wakajaza mitungi yao wakaenda. Hiyo ilikuwa heshima yake, na ilidumu kama miezi mitano.

Kisha Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, upepo ulishuka mlimani ukiwa na haraka zake. Bawa moja lilikatika, likaruka juu ya ua wa michongoma, likatua kwa jirani kwenye kibanda cha kuku. Jirani mwenyewe ndiye huyo mama mshonaji. Alikuwa ndani akishona turubai, akasikia kishindo, akatoka, akakuta paa la kibanda halipo, kuku wawili wa mayai wamekufa na jogoo wake mkubwa pia. Alimshika jogoo miguu, akazunguka ua mpaka kwa mzee. Mazungumzo yao nilisimuliwa baadaye na wote wawili, na kwa bahati nzuri hayakutofautiana sana.

"Mzee, hii ni nini?"

"Hiyo ni jogoo, mama."

"Najua ni jogoo! Nauliza hii kitu yako ilikuja kufanya nini kwangu?"

Mzee alikuwa amemjia nusu ya njia, ameshaona kipande cha bawa kikiwa kimelala huko ng'ambo ya ua. Hakumtazama tena jogoo. Alipita, akaokota kile kipande, akakigeuza upande uliokatika, akakileta karibu na macho. "Mama, angaria hapa," akasema. "Unaona? Imekatika kwa shina. Haijakatika katikati."

"Mimi nimekuja na maiti, wewe unaniambia shina!"

Habari hiyo ilinifikia wiki ileile, harusini, chini ya hema lililoshonwa na mama huyohuyo. Nilikuwa na safu ya kujaza na sikuwa na la kusema. Nikaandika makala niliyoipa kichwa "Jogoo Aliyeuawa na Sayansi". Ilipendwa. Ilisomwa redioni. Vijana wa bodaboda wa Kitale wakaanza kumwita mzee "Helikopta", na akipita wanainamisha vichwa kana kwamba wanakwepa panga linalozunguka. Nilifurahi sana, kama mwandishi anavyofurahi anapochekesha. Sikujua kwamba wiki mbili baadaye majirani waliitisha kikao kwa mzee wa mtaa, wakiwa na gazeti langu mkononi kama ushahidi, na kwamba mzee wetu alipewa mpaka mwisho wa mvua za masika: ama athibitishe kwamba mtambo hautamwua mtu, ama aung'oe.

Alinitafuta mwenyewe. Alinikuta katika hoteli moja ndogo karibu na soko la Kitale, nikinywa chai. Nilipomwona akiingia na gazeti limekunjwa kwapani, nilianza kupanga maneno ya kuomba radhi. Akaketi, akaagiza chai, akachukua kijiko cha aluminiamu kilichokuwa mezani, akaanza kukikunja na kukikunjua, kunja, kunjua, bila kuniondolea macho.

"Umeandika upepo ulivunja bawa," akasema.

"Mzee, ilikuwa ni mzaha tu..."

"Mzaha hauna shida. Shida ni uongo. Upepo haukuvunja. Upepo ulichosha." Kijiko kikakatika mkononi mwake. Mhudumu wa hoteli akatutazama kwa jicho la mama wa kambo. Mzee akaviweka vile vipande viwili mbele yangu. "Hiki ningekivuta mara moja kwa nguvu zangu zote, kisingekatika. Lakini ukikikunja kidogo kidogo, siku itafika. Sasa bawa langu, likiwa juu linakutana na upepo mkali. Likishuka karibu na ardhi, huko kwenye mahindi na nyumba, upepo ni dhaifu. Kila mzunguko linapinda, linarudi. Linapinda, linarudi. Halafu kuja dhoruba kidogo, linapinda zaidi. Kutwa nzima hivyo, mwezi hivyo. Litaacha kuchoka? Andika hivyo."

Nilimwambia wasomaji wangu hawatacheka. "Si lazima wacheke, bana," akasema. "Waelewe." Sikuandika. Nililipa kijiko nikaenda zangu, lakini tangu siku hiyo nikawa napita kwake kila nilipokuwa Kitale, kwanza kwa sababu ya aibu, halafu kwa sababu nilitaka kujua itakuwaje.

Dawa aliyoifikiria aliitoa kwenye ndege. Ukitazama bawa la ndege kwa nyuma, utaona limegawika. Kuna kipande chembamba kinachoweza kuinama au kuinuka. Mafundi hukiita flapu. Kikiinama, bawa linabebwa zaidi na hewa; kikiinuka, linabebwa kidogo. Mzee alisema mtu asishindane na upepo kwa kulifanya bawa liwe nene na zito kama mlango wa benki, maana litazidi kuuelemea mlingoti. Heri kulitia flapu nyuma, karibu na ncha. Upepo ukizidi, flapu iinuke kidogo, mzigo upungue. Upepo ukilegea, flapu irudi. Na isiwe kazi ya mtu kuvuta kamba, maana hakuna mtu wa kuvuta kamba mara mia tano kabla ya chai. Mashine yenyewe ihisi na iamue. Shinani mwa bawa alibandika kipande kidogo kinachopima jinsi linavyopinda. Nyuma akaweka vimota alivyovitoa kwenye mashine za fotokopi zilizokufa. Na katikati, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti.

Kilichomshinda ni bawaba za kushikia flapu. Za chuma zilikuwa nzito, za plastiki zilipasuka. Hapo ndipo jirani yake alipoingia. Nilikuwapo siku hiyo. Mama alikuja kuangalia jinsi matayarisho ya kumwua yanavyoendelea, ndivyo alivyosema mwenyewe, akasimama ameshika kiuno, akauliza kile kipande cha shinani ni nini. Mzee akamwambia ni sensa.

"Sensa? Si tulihesabiwa?"

"Siyo hiyo ya selikali, mama. Hii inahisi. Inaambia kompyuta bawa limepinda kiasi gani."

Mama akaichezesha flapu kwa kidole, ikalia kii-kii kama mlango wa jela. Akacheka. "Mzee, hii unafunga na chuma ya nini? Shona. Mimi hema langu lina milango inapigwa na upepo miaka kumi na haijang'oka. Ni turubai mbili, katikati unatia mpira wa tyubu, unapiga mishono mitatu. Inapinda tu kama sikio la mbuzi." Akarudi kwake, akaleta kipande, akakishona palepale kwa mkono. Kuanzia siku hiyo flapu za mzee ziliitwa masikio, na mama aliacha kuwa mlalamikaji akawa fundi mwenzake, ingawa hakuacha kulalamika.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na muda wa mzee ulikuwa unayoyoma. Aliposikia kwamba kuna mhadhiri wa uhandisi, dada mdogo tu wa miaka thelathini na kitu, anayefundisha upande wa Bungoma na anayejua mambo ya mitambo ya upepo, aliamua kumpelekea bawa. Angeweza kulilaza kwenye pikapu kama mtu mwingine yeyote. Lakini aliona kwamba gari likienda linatengeneza upepo wake lenyewe, na upepo wa namna hiyo haupaswi kupotea. Akalisimamisha wima nyuma ya pikapu, akalifunga shina kwa boliti, masikio yakiwa kazini, tukaondoka Kitale asubuhi: yeye kwenye usukani, mama pembeni yake, mimi nyuma na daftari, kama mtu aliyetumwa kurekodi ajali.

Kila tulipopita, watu walipunga mikono, maana waliona bawa likipunga. Karibu na Kamukuywa polisi walitusimamisha. Askari mmoja alizunguka gari mara mbili, akatazama juu, akatazama chini, akamwuliza mzee, "Hii ni ndege ama ni gari?"

"Ni gari, afande."

"Sasa mbona iko na bawa?"

"Iko na moja tu, afande. Ndege ni mbili."

Askari alifikiri, akaona jibu halina kasoro ya kisheria, akaturuhusu. Lakini mbele kidogo tulipishana na lori kubwa la miwa. Upepo wake ulitupiga ubavuni, na badala ya masikio kulituliza bawa, yalilichochea. Likaenda, likarudi, kila mara zaidi, likipiga hewani kama mjeledi. Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya pikapu nikakumbuka dhambi zangu kwa mpangilio wa alfabeti. Mzee alipunguza mwendo, bawa likatulia, akatoka akalitazama kwa huzuni ya mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Yule mhadhiri alitupokea uwanjani mbele ya wanafunzi wake. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akauliza maswali machache, akaomba bawa lipindwe kwa mkono ili aone flapu inavyojibu. Kisha akasema, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, "Mzee, wazo lako ni zuri sana. Lakini sikio lako linachelewa. Kipimo chako kinangoja bawa lipinde ndipo kiseme. Kompyuta ikiamua na mota ikisogea, bawa tayari linarudi. Kwa hiyo unalisukuma likiwa linaelekea hukohuko. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Hulizuii, unaliongezea." Wanafunzi wakacheka. Mimi nilitazama chini. Nilijua wazee wa kwetu, na nilijua jibu ambalo mzee wa Kibukusu humpa binti anayemkosoa hadharani.

Mzee alivua kofia. "Kweri kabisa," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza kwa nini lori lilinishinda. Asante, mwalimu. Darasa lako ni siku gani?"

Mhadhiri alidhani ni mzaha. Haukuwa. Kwa wiki saba mzee alitoka Kitale kila Jumanne na Alhamisi, akakaa benchi la nyuma na kalamu zake nne, akiwauliza vijana wamsomee ubaoni kwa sababu miwani yake ilikuwa ya zamani. Ni huko alikojifunza pia kwamba yeye hakuwa wa kwanza. Mhadhiri alimwonyesha kwenye kompyuta kwamba katika nchi nyingine wahandisi wanajaribu masikio hayohayo kwenye mabawa marefu kuliko uwanja wa mpira. Nilitazamia avunjike moyo. Nilipomwuliza alikuwa anacheka. "Gazeti," akaniambia, maana ndilo jina alilonipa, "miaka hii yote nilifikiri ni mimi peke yangu mwenda wazimu. Kumbe tuko wengi, na wengine wana mishahara!"

Suluhisho la kuchelewa alilipata kwenye ndege tena. Kila ndege ina kijibomba chembamba kilichotokeza mbele kama mrija wa soda, kinachopima kasi ya hewa. Alifunga mrija wa namna hiyo mbele ya kila bawa, ukauonja upepo kabla bawa halijaupata. Mota akazibadilisha, akachukua zenye haraka zaidi. Mama akapunguza uzito wa masikio, akashona upya kwa turubai nyepesi. Mhadhiri akaandika upya maagizo ya ile kompyuta ya kwenye kopo. Kipimo cha shinani hawakukitupa. Kilibaki kusahihisha pale mrija ulipokosea. Zilibaki siku chache muda aliopewa kikaoni uishe.

Siku yenyewe nilikuwapo. Ilikuwa alasiri, mlima umevaa wingu jeusi mpaka kiunoni, na majirani kama kumi na watano wamekuja na mzee wa mtaa, wamesimama mbali kwa busara. Upepo ukashuka. Kwanza ulilaza mahindi, halafu ukang'oa bati moja la choo cha mtu, halafu ukafika kwenye mtambo. Mabawa yalizunguka na masikio yakawa yanatetemeka, kidogo tu, haraka haraka, kama sikio la ng'ombe anayefukuza nzi. Mzee hakutazama juu. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mlingoti. Akaniita. "Gazeti, kuja usikie."

Nilikwenda, kwa kuwa sikupata kisingizio cha haraka. Niliuwekea mlingoti kiganja. Ulikuwa unanguruma taratibu, kama posho mili ya kusaga mahindi iliyo mbali. Mzee akamwita mzee wa mtaa naye akaweka mkono, akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kumwonya mtu, mzee akafungua lile kopo, lililofungwa chini kwenye mlingoti, akazima masikio. Mara moja chuma kikaanza kupiga chini ya kiganja changu, dum, dum, dum, kila bawa lilipopita, na mlingoti ukatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mzee wa mtaa aliruka nyuma hatua tatu ambazo umri wake haukumruhusu. Kutoka ng'ambo ya ua tukasikia sauti ya mama, aliyekuwa amesimama mbele ya kibanda chake kipya cha kuku huku ametanua mikono.

"Washa! Mzee, washa hiyo kitu! Washa!"

Akawasha. Ngurumo ikarudi kuwa ya upole. "Mmesikia wenyewe," akawaambia majirani, na hakuongeza neno. Mvua ilipoanza wote walikimbilia jikoni kwake, akawapikia chai. Kikao kilifungwa hapo, wakiwa wamelowa, bila kumbukumbu zilizoandikwa. Mtambo ukabaki.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Nilirudi Bungoma siku hiyo nikiwa na daftari limejaa, nikakaa kuandika, nikaona sina habari. Bawa halikukatika. Hakuna kuku aliyekufa. Upepo ulikuja ukaenda, watu wakanywa chai. Nani atasoma hayo? Nikaandika kuhusu barabara, maana wiki hiyo daraja dogo lilikuwa limesombwa na maji, na mheshimiwa mmoja alikuja kuahidi jingine akapigiwa vigelegele. Nilipanga kumrudia mzee wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata ilikuwa na mambo yake. Miaka ikapita. Mzee hakuniuliza hata siku moja. Lakini vijana wa bodaboda waliendelea kumwita Helikopta na kuinamisha vichwa, kwa sababu walichokijua juu yake ni kile nilichowaambia mimi.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu nilipoinuka kwenye kiti cha kinyozi. Sisi ni watu wa kuimba kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sijawahi kuona mziba ufa akiandaliwa hafla. Anayejenga ukuta ndiye anayekata utepe. Muuguzi ambaye wodi yake haikupata mkurupuko wa kuhara, karani aliyegundua kosa kwenye orodha ya mtihani kabla haijatumwa, mama anayezibua mtaro wake kila Machi kabla ya mvua: hawa wote matunda ya kazi yao ni kwamba siku ilipita kama siku nyingine. Hakuna picha ya siku kama hiyo. Na sisi wa magazeti, ambao tungepaswa kujua zaidi, ndio wa kwanza kukimbia palipoanguka kitu na kuwapita wanaoshikilia. Cheko letu linafika upesi. Sifa yetu, kama lile sikio la kwanza la mzee, inafika kitu kimeshageuka. Mzee alikubali kurekebishwa mbele ya watoto akiwa na miaka sabini na moja. Mimi niliandika makala ya uongo mdogo nikakaa nayo bila kuisahihisha, na sikuwa na hata kisingizio cha miwani ya zamani.

Tulimzika Jumamosi huko Bumula, kwenye shamba la baba yake, watu wengi chini ya mahema. Ibada ilikuwa ndefu. Wasemaji walimsifu kwa ucha Mungu, kwa elimu aliyowapa watoto, kwa kwaya. Yule mhadhiri alikuwa amekuja na baadhi ya wanafunzi waliowahi kucheka. Walikaa nyuma, hawakupewa nafasi. Mwongoza ratiba alipokuwa anataka kufunga sehemu ya salamu, mama mshonaji aliinuka bila kuitwa. Mwongoza ratiba akamwambia muda umekwisha. "Muda wa nani?" akauliza, akachukua kipaza sauti.

"Mimi ni jirani yake," alisema. "Nimeishi na yeye tumetenganishwa na ua tu. Mnajua ile kitu yake ilinifanyia siku moja, kwa sababu iliandikwa kwa gazeti na mkacheka. Hata mimi nilicheka baadaye. Lakini mzee alikuja kwangu kesho yake akasema, 'Mama, haitakuumiza tena.' Watu husema hivyo. Yeye alienda akafanya kazi mpaka ikawa kweli. Miaka saba sasa. Upepo umepita hapo kwetu nyinyi hamjui. Na kwangu hakuna kitu imetokea." Akatafuta katika umati mpaka akanipata. "Hakuna kitu, mwandishi. Nataka hiyo iandikwe."

Alirudisha kipaza sauti akakaa. Hivyo basi, wasomaji wangu, hii ndiyo habari, nami naomba radhi kwa kuichelewesha: kwa miaka saba, nyumbani kwa mama mmoja nje ya Kitale, hakuna kilichotokea, na kuna mtu aliyeifanya kazi hiyo. Tazameni majumbani na makazini mwenu ni wapi hapajatokea kitu. Mtafuteni anayesababisha hivyo, mkamshukuru angali anasikia.